Shaoshan: siku chache kwa akina Mao

Alhamisi

Kutoka stesheni ya Changsha Kusini, mkoani Hunan, China, hadi Shaoshan Kusini treni ya mwendokasi haichukui hata nusu saa. Nje ya dirisha ni vilima vya kijani, majaruba ya mpunga, nyumba za ghorofa mbili tatu za wakulima, kisha tena majaruba. Reli ya kwanza ya kufika Shaoshan ilifunguliwa 1967, katikati ya Mapinduzi ya Utamaduni, ile kampeni ya Mao ya 1966 hadi 1976, wakati vijana wa Walinzi Wekundu walipokuwa wakimiminika kutoka mikoa yote ya China kuja kuona mahali alipozaliwa Mwenyekiti Mao Zedong, kiongozi wa Wakomunisti wa China. Ilibidi kijiji kijengewe reli.

Nasafiri na rafiki yangu Mpemba. Namwita Sheikh, yeye ananiita ndugu yangu, na kwa kuwa hapendi jina lake litajwe mtandaoni, tuishie hapo. Anasomea mbegu za mpunga mjini Changsha, na huwezi kusomea mpunga mahali pazuri zaidi: ndiko alikofanyia kazi Yuan Longping, baba wa mpunga chotara, hadi alipofariki mwezi Mei 2021. Mimi nasoma mambo mengine kabisa. Nilitaka kuona nyumba ya Mao. Sheikh alitaka kuona majaruba. Tukakubaliana.

Getini mashine inasoma vitambulisho vya Wachina peke yake, kwa hiyo sisi wenye pasipoti tunapita pembeni, kwa mhudumu. Tumeshazoea. Mhudumu akatazama pasipoti yangu, akasema "Tansangniya", kisha akanyoosha dole gumba na kuongeza maneno mawili niliyoyasikia mara nyingi kutoka kwa Wachina wa umri fulani: Tan-Zan reli. Reli yetu ya TAZARA. Kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba. Mwalimu Nyerere alikutana na Mao ana kwa ana. Baba yangu alikuwa mtoto Makambako reli ilipopita, na kumbukumbu yake kubwa kuhusu Wachina ni bustani zao za mboga kambini: mistari iliyonyooka, na wahandisi wenyewe wakimwagilia jioni.

Tumepanga kwenye nyumba ya familia moja iliyogeuza vyumba vya juu kuwa vya wageni. Nusu ya mabango ya barabara hii yana neno Mao: mgahawa wa Mao, chai ya Mao, pombe ya Mao. Wengi hapa ni wa ukoo huo kweli. Sebuleni, mahali ambapo nyumba za vijijini Hunan huweka madhabahu ya mababu, kuna picha kubwa ya Mwenyekiti, sahani ya machungwa mbele yake, na vijiti vya ubani. Mwenye nyumba ni bibi mwenye mgongo ulionyooka kama askari. Anazungumza lahaja ya Shaoshan, na mkwewe anatutafsiria kwa Kichina cha shule.

Chakula cha jioni kikaleta utata. Sifa ya mapishi ya hapa ni nyama ya nguruwe yenye mafuta, iliyokatwa vipande vya mraba na kupikwa taratibu kwa sukari na mchuzi wa soya hadi iwe nyekundu. Inasemekana Mao aliipenda kuliko chakula chochote. Kila meza ilikuwa na bakuli lake. Sheikh akaeleza kwa upole kwamba yeye ni Mwislamu. Bibi akatikisa kichwa kama mtu anayepewa taarifa ya msiba. Hata mboga hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe huku. Mwishowe sufuria ikasuguliwa, mafuta ya mbegu za mboga yakatolewa, na tukakaangiwa mayai na nyanya. Tulikula mayai hadi siku ya kuondoka.

Ijumaa

Tumeamka alfajiri ili tuwahi foleni. Tumekuta wenzetu wamewahi zaidi. Kuingia ni bure lakini unajiandikisha, halafu unapanga mstari uliozungushiwa vyuma, kundi baada ya kundi, kila kundi na kofia za rangi moja. Walikuwapo wastaafu wenye beji za chama, wafanyakazi wa benki walioletwa na ofisi zao, watoto wa shule waliovaa sare za bluu za Jeshi Jekundu zenye mishipi, za kukodi. Wengine wanacheka, wengine wamenyamaza kama wako msikitini.

Mao Zedong alizaliwa hapa tarehe 26 Desemba 1893. Nyumba ni ya matofali ya udongo yaliyopakwa rangi ya manjano, imeegemea kilima chenye misonobari na mianzi. Ukiitazama kutoka mbele unaona ni nyumba mbili zilizoungana: upande wa mashariki umeezekwa kwa vigae, na huo ndio wa akina Mao; upande wa magharibi umeezekwa kwa nyasi, na huo ulikuwa wa jirani. Sebule ya katikati walitumia pamoja. Sikuhitaji mwongoza watalii aniambie nani alikuwa na uwezo hapa. Mtu yeyote aliyekulia kijijini anajua maana ya bati upande mmoja na nyasi upande mwingine.

Na ndani ni kubwa. Kuna jiko lenye mafiga yaliyojengewa, chumba cha wazazi, chumba cha Zedong, chumba cha mdogo wake Zemin, cha mdogo wao Zetan, ghala la nafaka, chumba cha kukobolea mpunga, zizi la ng'ombe, banda la nguruwe, stoo ya kuni. Serikali ya Chiang Kai-shek, adui wa Wakomunisti, iliitaifisha na kuiharibu mwaka 1929. Ilirudishwa katika hali yake baada ya Wakomunisti kushika nchi 1949. Unapita kwa mwendo wa foleni, huwezi kusimama. Kila ukitaka kutafakari jambo, kofia nyekundu nyuma yako inakusukuma mgongoni.

Lakini niliweza kusimama kidogo kwenye picha za wazazi. Mama, Wen Qimei, ana uso mpana, mtulivu. Baba, Mao Yichang, ni mwembamba, mwenye masharubu, na anatazama kamera kama anayeidai pesa. Watu hupita kwa mama wakasema maneno mazuri. Kwa baba hupita haraka. Karibu yangu mwongoza watalii mmoja aliliambia kundi lake kwamba huyu alikuwa mkali na mbahili, wakaguna, wakaendelea.

Tunayoyajua kuhusu mzee huyu, mengi yalisemwa na mwanawe mwenyewe. Mwaka 1936, katika nyumba za mapango huko Bao'an, kaskazini mwa mkoa wa Shaanxi, Mao alimsimulia maisha yake mwandishi wa habari Mmarekani, Edgar Snow, usiku baada ya usiku. Hadithi ya baba ndiyo iliyoanza. Yichang alianza akiwa maskini mwenye madeni, akaingia jeshini kwa sababu ya madeni hayo, akakaa huko miaka, akarudi na akiba, akakomboa ardhi yake. Alifikisha mou 15. Mou 15 ni hekta moja, yaani kama ekari mbili na nusu za kwetu. Shamba hilo lilitoa dan 60 za mchele kwa mwaka, na dan moja ni kama kilo 60. Familia ya watu watano ilikula 35, zikabaki 25 za kuuza. Kwa akiba hiyo akanunua mou 7 nyingine, mavuno yakafika dan 84. Akaanza kununua nafaka kwa wengine na kuipeleka mjini, akafuga nguruwe, akaajiri kibarua wa kudumu. Watoto na mke wakawekwa kwenye kazi ya kukoboa.

Sheikh alipiga hesabu papo hapo kwenye simu yake. "Ndugu yangu, huyu bwana kwa zama zile, bila mbolea ya chumvichumvi, bila mbegu chotara, alikuwa anavuna zaidi ya tani tatu na nusu kwa hekta. Wallahi huyu alikuwa mkulima." Kuna mashamba mengi ya mpunga nyumbani ambayo hadi leo hayafiki hapo.

Tarehe 15 ya kila mwezi, alisimulia Mao, baba aliwapa vibarua mayai juu ya wali. Nyama hakuwapa kamwe. Na mwanawe hakumpa mayai wala nyama. Mama ndiye aliyegawa mchele kwa wenye njaa, kwa siri, mzee akiwa hayupo. Alikuwa mcha Mungu wa Kibudha, na alikwishapoteza watoto wawili wa kiume kabla ya Zedong. Kwa hiyo alimpeleka kwenye jiwe kubwa kijijini kwao, upande wa Xiangxiang, akamkabidhi kwa jiwe hilo, ndipo mtoto akapewa jina la nyumbani la Jiwe. Baba hakuamini mambo hayo. Siku moja akakutana na chui milia njiani, alipokuwa akienda kudai madeni, na chui akakimbia. Tangu hapo mzee naye akawa anachoma ubani mara mojamoja. Nadhani hiyo ndiyo hadithi pekee ambayo Mao anaisimulia kuhusu baba yake kwa ucheshi usio na uchungu.

Mbele ya nyumba kuna bwawa lenye mayungiyungi, na foleni inalizunguka. Hapa ndipo palipotokea lile tukio ambalo kila Mchina analijua. Zedong alikuwa na miaka kama 13. Nyumba imejaa wageni, baba akamwita mvivu asiye na faida mbele ya watu. Kijana akajibu, akatoka. Mama akamfuata akimsihi, baba akamfuata akitukana. Kijana akafika ukingoni mwa bwawa, akasema mtu akisogea anajirusha. Wakajadiliana hapohapo kama watu wa sokoni: baba anataka mwana apige magoti yote mawili na kugusa ardhi kwa paji la uso, mwana anakubali goti moja, kwa sharti la kutopigwa. Wakamaliza kwa goti moja. Mao alimwambia Snow kwamba hapo ndipo alipojifunza kuwa ukiwa mnyonge ukazidi kunyenyekea unapigwa zaidi, ukipinga wazi mwenye nguvu anarudi nyuma.

Watalii walikuwa wakipiga picha ukingoni, wakiigiza kujirusha. Bwawa lenyewe si kubwa. Mimi nilikuwa nikimfikiria yule mzee, aliyebishana na mtoto wake mbele ya wageni wake mwenyewe na kushindwa nusu. Kwa mila za wakati ule, katika nchi ya Confucius, ile nusu ilikuwa aibu kubwa.

Ng'ambo ya bwawa ni shule ya Nan'an, chumba cha mwalimu mmoja, alikoanza kusoma akiwa na miaka minane. Alipofikisha kumi alitoroka kwa kuogopa viboko, akatembea siku tatu akidhani anaelekea mjini, kumbe alikuwa akizunguka bonde hilihili. Walimkuta hayuko mbali na nyumbani. Baba alitaka asome kiasi cha kuweza kuandika hesabu za mpunga. Jioni mtoto alikaa na vitabu vya hesabu vya nyumba, na usiku aliziba dirisha kwa blanketi ili baba asione taa anaposoma hadithi za majambazi mashujaa. Alipofika miaka 14 akaozwa mke wa miaka 18 ambaye, kwa maneno yake mwenyewe, hakuwahi kuishi naye. Alipofika 16, mwaka 1910, baba akaamua kumpeleka Xiangtan akajifunze kazi katika duka la mchele. Ndugu na walimu wakamshawishi mzee amwachie aende shule ya Dongshan, Xiangxiang. Akaenda. Kwa hiyo China nzima ilipona au ilipata shida, utachagua mwenyewe, kwa sababu duka moja la mchele lilikosa karani.

Jikoni nilipita haraka mno. Ilibidi nirudi kuuliza. Karibu na moto huo, wakati wa sikukuu ya Mwaka Mpya wa Kichina wa 1921, Mao aliwaketisha ndugu zake na kuwaambia waache nyumba na shamba, waende naye kwenye mapinduzi. Zemin, ambaye ndiye aliyebaki akilima na kuangalia nyumba, alikubali. Wakaenda.

Mchana tulikwenda kwenye uwanja wa sanamu ya shaba. Ilizinduliwa na Jiang Zemin, Rais wa China wakati huo, tarehe 20 Desemba 1993, kwa ajili ya miaka mia ya kuzaliwa kwa Mao. Sanamu peke yake ni mita 6, na pamoja na kiti chake ni mita 10.1, kwa sababu Jamhuri ya Watu ilitangazwa tarehe 1 mwezi wa kumi. Vikundi vinanunua shada la maua, vinapanga mistari, sauti inatoka kwenye vipaza sauti: inama mara ya kwanza, inama mara ya pili, inama mara ya tatu. Kisha wanaizunguka sanamu. Nilimwona baba mmoja akimwinua binti yake mdogo, amemfumbisha mikono, akimnong'oneza aombe afaulu mtihani. Wenyeji husimulia kwamba siku ya kuzinduliwa jua na mwezi vilionekana pamoja angani, na maua ya mlimani yakachanua katikati ya baridi. Mtu aliyewafundisha Wachina kuvunja masanamu sasa anaombwa mvua, mimba na faida ya duka. Madereva wa teksi hutundika picha yake kwenye kioo cha ndani ili wasipate ajali. Sheikh alisimama mbali, mikono nyuma. "Mimi nimemsalimu," alisema, "kuinama nimemwachia mwenyewe."

Usiku, baada ya mayai, bibi akauliza kwetu tunalima nini. Sheikh akasema karafuu na mpunga wa mabondeni. Mimi nikasema baba analima mahindi. Kiasi gani? Nikasema ekari nane. Mkwewe hakuijua ekari, kwa hiyo nikageuza kwa mou: 48 na ushei. Bibi akaweka chini kikombe cha chai. Akauliza tena, nikathibitisha. Akapiga paja lake kwa kicheko: "Dizhu!" Kabaila! Mwenye ardhi mkubwa! Akaweka mikono juu ya kichwa kuonyesha kofia ndefu.

Alikuwa anatania, lakini si utani mtupu. Januari 1927 Mao alirudi Hunan na kuzunguka wilaya tano kwa siku 32, Xiangtan ikiwemo, akichunguza vuguvugu la wakulima. Aliandika kwa kusifu jinsi makabaila walivyokuwa wakivishwa kofia ndefu za karatasi na kutembezwa kijijini. Baada ya 1949, katika mageuzi ya ardhi, wenye mashamba waliburutwa mbele ya mikutano, na wengi hawakutoka hai. Baba yangu ana ekari nane za udongo mwekundu, jembe la kukokotwa na ng'ombe, na deni dukani. Kwa hapa ardhi ndiyo iliyokuwa haba. Mao mwenyewe alimwambia Snow kwamba kwa zile mou 22, ambazo hazifiki hata ekari nne, baba yake alihesabika mkulima tajiri. Nilikaa na jambo hilo muda mrefu kabla ya kulala.

Jumamosi

Mvua ya Juni, ile isiyokata. Tumekodi makoti ya plastiki.

Kaburi la wazazi liko kilimani, si mbali na nyumba, na njia ya ngazi ilikuwa karibu tupu. Mama alifariki Oktoba 1919, akiwa na miaka 52. Zedong alirudi kutoka Changsha kumzika na akamwandikia utenzi wa maombolezo. Baba alifariki Januari 1920, akiwa na miaka 49, wakati mwana yuko Beijing. Hakurudi. Wamelala kaburi moja.

Jioni ya tarehe 25 Juni 1959, baada ya miaka 32 bila kukanyaga hapa, Mao alifika akiwa Mwenyekiti wa chama kilichotawala nchi ya watu zaidi ya milioni 600. Asubuhi yake alipanda kilima hiki bila kutoa taarifa. Walinzi hawakuwa wamejiandaa, hapakuwa na shada. Mtu mmoja akakata matawi ya msonobari, akampa. Akayaweka, akainama mara tatu. Akatembelea nyumba, akapiga picha na watoto wa shule, akaogelea kwenye bwawa la maji la kijiji, jioni akala na wazee. Alitunga shairi kuhusu ziara hiyo, lenye mashamba yanayopeperuka kama mawimbi na mashujaa wanaorejea jioni.

Mwaka huohuo, kijiji kilikuwa kwenye makomuni ya umma. Majiko ya nyumbani yamezimwa, watu wanakula bwaloni, vyuma vimeyeyushwa kwenye tanuru za uani. Njaa iliyofuata, hadi 1961, iliua makumi ya mamilioni ya Wachina. Kwenye maandishi ya ukutani nilisoma shairi. Njaa sikuisoma popote.

Kutoka hapo basi la wageni likatupeleka Dishuidong, Pango la Matone, bonde jembamba upande wa magharibi. Hapa, baada ya ziara ya 1959, alijengewa nyumba ya siri. Alikuja kukaa mara moja tu, siku 11 za mwezi Juni 1966, Mapinduzi ya Utamaduni yakiwa yameshaanza kuwaka Beijing. Nyumba ni ya matofali ya kijivu, dari refu, vitanda vipana. Nyuma yake kuna handaki lenye milango mizito ya chuma, la kujikinga na mabomu. Hewa ya handakini ni baridi na ina harufu ya ukungu. Inashangaza mtu kurudi kijijini kwao na kukaa ndani ya bonde lililofungwa, watu wake mwenyewe wakiwa hawajui kama yupo. Hakurudi tena hadi alipofariki Septemba 1976.

Tulipita pia kwenye kumbukumbu ya watu sita wa familia yake waliokufa. Hapa sikuwa na utani. Mke wake Yang Kaihui alipigwa risasi Changsha 1930 kwa kukataa kumkana. Dada yao wa kulea, Zejian, aliuawa 1929. Zetan 1935. Zemin, yule wa jikoni, aliuawa Xinjiang 1943. Mpwa wao, Chuxiong, 1946, kijana wa miaka 19. Na mwanawe mkubwa, Anying, aliuawa kwa bomu Korea Novemba 1950, akazikwa hukohuko. Mama mmoja Mchina karibu nami alikuwa akisoma majina kwa sauti ya chini, akigusa kila moja kwa kidole.

Sheikh alitumia alasiri ndani ya jaruba. Kweli ndani: alivua viatu, akakunja suruali, akaingia na mkulima mmoja aliyekuwa akifungulia maji. Mpunga wa msimu wa kwanza umeshatoa masuke. Utavunwa Julai, na kabla tope halijakauka miche ya msimu wa pili itapandikizwa. Maji yanatoka kwenye mradi mkubwa wa umwagiliaji wa Shaoshan, uliochimbwa na umati wa wakulima katikati ya miaka ya 1960. Wakazungumza saa nzima kuhusu umbali kati ya shina na shina. Mkulima hakumtaja Mao hata mara moja.

Jumapili

Kabla ya kurudi tumekodi gari hadi Huaminglou, wilaya ya Ningxiang, chini ya saa moja. Ni kijiji alikozaliwa Liu Shaoqi mwaka 1898. Unaendesha kati ya majaruba yaleyale, vilima vilevile, na unajiuliza udongo huu una nini. Maana Peng Dehuai naye ni wa Xiangtan hii hii. Mmoja akawa Mwenyekiti, mmoja akawa Rais wa nchi, mmoja Waziri wa Ulinzi, na wa kwanza akawaangusha hao wawili. Peng alitembelea kwao mwishoni mwa 1958, akaona takwimu za mavuno zimepikwa. Julai 1959, wiki mbili tatu tu baada ya Mao kutoka Shaoshan, alimwandikia Mao barua ya kukosoa hali hiyo kwenye mkutano wa viongozi wa chama huko Lushan. Barua hiyo ilimgharimu cheo na baadaye maisha.

Huaminglou hakuna foleni. Nyumba ya akina Liu nayo ina bwawa mbele na kilima nyuma. Kilichonivutia ni maelezo ya mwaka 1961. Liu alikuja Hunan, akakaa siku 44 vijijini, akalala juu ya mbao katika ofisi ya shamba la nguruwe, akawauliza watu kwa nini wana njaa. Wakamwambia katika sababu kumi, tatu ni za asili, saba za binadamu. Aliwaomba radhi wanakijiji wa kwao. Mwaka uliofuata akayarudia maneno hayo mbele ya mkutano mkubwa wa chama, Beijing. Alifia Kaifeng Novemba 1969, amevuliwa kila kitu, akachomwa kwa jina lisilo lake. Alisafishwa jina 1980. Hapa ukutani njaa imeandikwa. Kilomita chache tu zinatosha kubadilisha kinachoandikwa ukutani.

Kama una siku moja tu, nenda Shaoshan asubuhi na Huaminglou mchana. Ukikosa nafasi ya Dishuidong usijute.

Kwenye treni nikampigia baba. Ni majira ya kuvuna Makambako, nilisikia watu wakipukuchua nyuma yake. Nikamweleza habari za mzee Yichang: madeni, jeshi, mou 15, biashara ya nafaka, mayai ya tarehe 15. Nilitarajia acheke. Akasema mayai ni ya kuuza, huyo mzee hakukosea. Kisha akauliza kijana alipoondoka, shamba alimwachia nani.

"Mdogo wake. Halafu akarudi akamchukua na yeye."

"Na mzee alikuwa bado yupo?"

"Alikuwa amekufa mwaka mmoja kabla."

"Afadhali," akasema baba, na akaanza kunieleza bei ya gunia la mahindi.